Papa, Picha Yako Ilikuwa Inakwama

Papa,

Leo nakuandikia juu ya televizyo, usinicheke. Wewe uliyekuwa na chumba cha video pale Shasha ungemaliza jambo hili kabla chai haijapoa. Mimi ni mushonaji, najua kitambaa na uzi. Kwa mashine zako nimechanganyikiwa mpaka leo.

Tangu uende tumekimbia mara mbili, tukarudi mara mbili. Shamba la Kalembe hatufiki tena. Mama ni mzima, ila masikio yake hayajarudi tangu lile bomu. Unakumbuka ulivyokuwa ukimgeukia uso mzima, ukitamka polepole bila sauti, naye akikujibu kwa kelele mpaka jirani wanasikia? Sasa hakuna anayemgeukia hivyo. Mimi najaribu, lakini anasema mdomo wangu unakimbia.

Ilibaki ile video ambayo binamu yangu Bahati alikupiga hospitalini Kirotshe, wiki yako ya mwisho. Alijivunia simu yake mpya, eti inapiga 4K, picha safi kupita zote. Simu ilipotea tulipokimbia, ikabaki kadi tu. Tukaiweka kwenye mashine yako ya zamani, kale kasanduku kanakofungwa kwa kebo kwenye televizyo. Sauti yako ikatembea vizuri, lakini picha inakwama, inaruka, inakwama tena. Sisi tunakusikia, tunalia, tunaridhika. Mama anaona midomo iliyoganda. Nikawa namweleza ulichosema, naye siku moja akanikatiza: "Weye unaniletea habari yake. Miye nataka yeye mwenyewe."

Nikafikiri kosa ni la televizyo yetu nzee. Kijana mmoja Sake aliniambia video ya 4K inataka televizyo ya 4K. Mwingine akasema ni kebo. Wa tatu akataka kuipunguza video iwe nyepesi, huyo nikamkatalia kwa hasira, maana umeshapungua vya kutosha. Nikanunua televizyo kubwa, nikaifunga blanketi juu ya pikipiki, na kila kizuizi njiani nikaeleza kwamba si ya biashara, ni ya msiba. Ikafika nzima. Nikaiwasha, ukakwama vilevile, ila sasa mkubwa. Halafu betri ya sola ikaisha. Nilikukasirikia, Papa. Kwa nini hukunifundisha?

Mwishowe nilikwenda kwa yule mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka Shasha, aliyekuwa akikuuzia kebo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mama, televizyo inaonyesha tu. Mwenye kusoma video njo kale kasanduku. Kenu kamezeeka, hakawezi picha nzito." Akachagua kingine, kidogo kama kipande cha sabuni, akajaribu kadi yetu mbele yangu, kwenye televizyo ya zamani kama yetu. Nikageuza uso. Nilitaka Mama akuone wa kwanza. Akasema haikwami, akaichukua badala ya pesa ile televizyo kubwa niliyomletea, akanipa kisanduku na betri nzuri. Jinsi televizyo nzee inavyoonyesha vizuri kile ambacho mpya ilishindwa, mimi bado sielewi.

Jumapili baada ya misa Mama alikaa karibu kabisa, magoti yanagusa meza. Ukatubariki. Ukatuambia tusigombane juu ya shamba. Ukasema kwaherini. Hapo ndipo sisi huzima, kwa kuwa sauti inaishia hapo. Nikanyoosha mkono nizime, Mama akaupiga.

Midomo yako ilikuwa bado inatembea. Bila sauti, polepole, uso mzima kwenye kamera. Bahati anasema alidhani unasali. Mama alikuwa akiitika kwa kichwa, mara akacheka, mara akajifuta macho kwa kitenge. Uliponyamaza nikamuuliza umesema nini. Akajibu kwa ile sauti yake kubwa: "Haiko yenu. Njo yangu miye."

Tangu siku hiyo sijui nifurahi ao nione wivu. Nilidhani nayajua maneno yako ya mwisho, nimeyarudia mbele ya watu wengi hapa, kumbe sikuwahi kuyasikia.

Sitamuuliza tena. Nitachaji betri kila siku yenye jua, na ukishatuaga sisi, nitatoka nje na watoto, niwaachie chumba.

Pumzika, Papa.

Binti yako,
Furaha