Methane Iliyotundikwa Sebuleni

Zombo,
Kilosa.
6 Aprili 2025

Kaka yangu mpendwa Godfrey,

Shikamoo. Habari za huko Geita? Wifi Anitha na mgongo wake wanaendeleaje? Sisi huku wazima, mahindi yamebeba, na mvua inatunyeshea hata pale tusipoihitaji. Nikikupigia simu hupokei, ndiyo maana nakutumia karatasi, tuone kama nayo utaiacha iite.

Ile safari niliyokuomba, uje umsihi shemeji yako Ngassa asimwoze Jenipher kabla hajafanya mtihani wa kidato cha sita, isubirishe kwanza. Mambo yamegeuka, na yaliyoyageuza ni viazi.

Mpwao Jenipher alikuja likizo na kazi ya kemia, akanimalizia viazi na ngogwe zote za mboga. Kiazi ni kaboni, ana mikono minne. Ngogwe ni haidrojeni, ana mmoja. Mikono yenyewe ni njiti za ufagio wangu mpya, na kila mkono lazima ushikwe. Nikamuuliza, mbona kwenye daftari umechora msalaba, na hapa ngogwe moja iko juu, tatu zimetanuka chini kama miguu ya kigoda? Akasema karatasi ndiyo bapa, methane yenyewe, hiyo gesi ya kiazi kimoja na ngogwe nne, si bapa. Mikono ile inasukumana, kila mmoja unataka kukaa mbali na wenzake kadiri unavyoweza. Nikawakumbuka mawifi zangu.

Kisha akaunganisha viazi viwili, akavijaza ngogwe, na kati ya kiazi na ngogwe moja akapachika kitunguu. Eti hiyo ni ethanoli, yaani pombe. Kumbe kitunguu kimoja tu, Kaka! Nilikufikiria sana siku hiyo.

Akazitundika sebuleni kwa uzi, panya wasizile.

Jumamosi ya wiki iliyopita washenga wakaingia kutoka Mikumi bila taarifa, Mzee Jovin na mwenzake. Ngassa alikuwa zizini. Mzee Jovin akainua macho, kikombe kikamganda mkononi.

"Mama Jenipher, hicho ni kitu gani?"

Unajua mimi uongo siuwezi. "Methane," nikasema.

"Inafanya nini?"

"Inatoka tumboni mwa ng'ombe. Ukiiwasha, inawaka."

"Na ile yenye kitunguu?"

"Ile ndiyo inayoangusha wanaume."

"Nani kaitengeneza?"

"Huyohuyo binti mnayemposa."

Ghafla wakakumbuka kuna msiba mahali. Ngassa aliporudi alikuta vumbi la pikipiki na vikombe viwili vimejaa.

Alifoka, Kaka, mpaka mbuzi wakanyamaza. Akamwita Jenipher aeleze ni uganga gani uliomkimbizia wakwe. Mtoto akaeleza, baba akabisha, mtoto akaeleza tena. Mwisho Ngassa akasema basi ni kama fahali wanne kwenye kigingi kimoja, kila mmoja anavutia kwake. Jenipher akaruka kwa furaha, "Ndivyo hasa, baba!" Ngassa akaizungusha methane kwa kidole, akamtazama mwanawe, na mimi nikaenda jikoni kulia. Lakini kuhusu mtihani hakusema neno.

Jenipher amerudi shuleni juzi. Ngogwe zimenyauka, Ngassa akasema takataka zile zitupwe, nami nikazificha juu ya kabati. Sasa nasikia kuna watu wa Vidunda nao wanataka kuja kuulizia binti. Roho haijatulia hata kidogo.

Nisalimie wifi, Doto, na mama mkubwa Lea. Mungu awalinde, awape afya na mavuno, na wewe akupe moyo wa kupokea simu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana,
Yudith

Nyongeza: Bahasha sijaifunga, na pikipiki ya watu wa Vidunda inasikika huko chini. Shemeji yako kaishusha methane kutoka juu ya kabati, kumbe alijua ilipo. Kabadilisha ngogwe zote, kapanda kigoda, kaitundika mwenyewe: moja juu, tatu chini, zimeachana sawasawa. Kisha kaniambia nichemshe chai kidogo tu, wageni hawataimaliza.