Nilimhudumia Baba Mkwe Nikiangalia Gurudumu

Mpendwa Mama Nzembi, naomba msaada na tafadhali usiniweke foleni, maana meneja anataka maelezo yangu Ijumaa. Mimi ni karani wa benki moja hapa Hurlingham, na mwaka huu tumeanzisha huduma ya wateja wakubwa ambao hawataki kusukumana ndani na watu wengine, mtu anaegesha gari nyuma ya benki, anapiga honi, nami natoka na faili kwapani kumhudumia hapo hapo kwenye gari, lakini kabla ya chochote lazima ashushe kioo chote, avue miwani, nilinganishe uso na kitambulisho, ataje majina yake matatu na mwaka wa kuzaliwa, ndipo aweke sahihi nimletee bahasha yake.

Sasa baba mkwe wangu, Mzee Nandwa wa Kitisuru, alipojua niko huko akahamishia akaunti yake kwetu, nami nikaringia ofisi nzima, lakini kwao Shem mume wangu mila bado zinashikwa kabisa, mke wa mwana hamwangalii baba mkwe usoni wala hamtaji jina, hata chai namwekea mezani nikiangalia ukuta, basi ningeanzia wapi kumwambia avue miwani? Prado yake nyeusi ikija kioo kinashuka nusu, mimi macho kwenye gurudumu, nauliza, "Ni wewe, baba?" naye anakohoa, "Mm," na ukaguzi umeisha. Kitambulisho chake hukaa garini siku zote, na sahihi yake ni mstari mmoja na nukta, hata mbuzi angeiweka.

Wiki iliyopita Prado ikaja, kikohozi kikaja, nikaleta bahasha nono. Jioni Ryan, mdogo wake Shem, akanipigia simu akicheka, "Niaje shemeji! Hiyo service yenu iko juu, hata hukuniangalia!" Nikadhani ni utani wake wa kawaida. Jumatatu mzee akaingia benki kusema kuna pesa zimetolewa kwake ambazo hakuchukua, meneja akamwonyesha karatasi yenye sahihi yake na jina langu chini kwamba nimemthibitisha, mzee akaishika muda mrefu halafu akasema polepole, "Labda nimesahau." Mama, nilikuwa nimesimama hapo hapo na sikufungua mdomo.

Sasa mama mkwe analia, amemtafutia daktari wa mambo ya akili huko Parklands, Alhamisi, na Ryan ananiambia, "Wewe sema ni mzee mwenyewe alikuja. Buda siku hizi anasahau, juzi alikuwa anatafuta miwani na ameivaa. Ukiongea utafutwa job, na mimi nitakana." Ameshaanza hata kumwambia mama yake kwamba yuko tayari kumsaidia mzee na mambo ya benki. Shem hajui lolote. Nikisema, nimekwisha kazini na nyumbani, nikinyamaza silali. Nifanye nini?

Selpher, Hurlingham

Selpher,

Pole. Hiyo imetosha, sasa keti nikuseme.

Heshima ya mkwe naijua, mimi mwenyewe nilimpikia baba mkwe miaka mingi bila kujua ana kidevu cha aina gani. Lakini nilikuwa nampa ugali, sikuwa nampa akiba yake! Hakuna mila iliyosema ufumbe macho ukiwa na pesa za mzee mkononi. Huna mwenzako hata mmoja hapo benki? Ungesema tu, "Yule ni baba mkwe, sifai kumhudumia, nenda wewe," na kila Mkenya mle ndani angekuelewa bila kuuliza swali. Hukusema, kwa sababu ulipenda ofisi nzima ione Prado imekuja kwa ajili yako. Raha yako hiyo ndiyo Ryan alipitia.

Na kikohozi, dada yangu? Nairobi hii yenye vumbi, kila mtu anakohoa! Ungempa pesa hata yule askari wa getini.

Sasa sikiliza. Usingoje Ijumaa. Kesho asubuhi, kabla hujavua koti, ingia kwa meneja umwambie hukumwangalia mteja usoni, umweleze kwa nini, na umweleze Ryan alivyokupigia simu. Usipambe, usilie kwanza. Wanaweza kukufuta, sitakudanganya, na wakikufuta hawatakuwa wamekuonea. Lakini karani aliyejipeleka mwenyewe bado anaweza kuombewa. Aliyekamatwa akidanganya, nani atamtetea?

Leo usiku Shem aambiwe. Atawaka, mwache awake, ni ndugu yake na ni baba yake. Kisha yeye ndiye aende Kitisuru akae na mzee, maana wewe mila hazikuruhusu, na safari hii zimekaa mahali pake. Hiyo miadi ya Parklands ifutwe kabla ya Alhamisi. Mtu mzima hatapimwa kichwa ili wewe ubaki na meza.

Unaogopa kazi, naelewa, mshahara ni mtamu. Ukiipoteza utalia, utachapa barua za maombi, utapata nyingine. Lakini mzee akishaamini kichwa chake kimeanza kumtoka, hakuna atakayemrudishia. Ataacha kuendesha gari. Ataacha kubisha akiambiwa amesahau. Atatafuta mtu wa nyumbani wa kumshikia akaunti, na kijana mmoja tayari amejitolea.

Wewe unadhani Ryan alichukua bahasha moja, yaishe. Yeye anangoja uthibitishe kwa mkono wako kwamba baba yake ana wazimu. Usimpe. Mpigie Shem sasa hivi awahi nyumbani.