Mjomba, Mimi Ndiye Niliyewaonyesha Chumba Chako

Mjomba,

Chumba chako kimebomolewa. Nakwambia mwanzo kabisa, maana sina subira ya kuulizana hali. Kilibomolewa Jumatatu, mkeo Mama Zena akiwa amekaa nje juu ya sanduku lake la nguo.

Nina hasira. Na mzungu, na nafsi yangu, na wewe pia.

Baada ya kukuzika alikuja Kwihara mzungu mmoja wa serikali na daftari la michoro. Akasema tembe letu ni nyumba ya historia, kwa kuwa msafiri wa kwao aliwahi kuugua humo miezi michache enzi za misafara. Akataka kujua ukuta upi wa zamani, upi wa baadaye. Mama Zena alikuwa shambani. Nikamjibu mimi. Nikafanya ulivyonifundisha: nikagonga kwa kifundo cha kidole, nikasikiliza, nikapima unene kwa mkono. Huu wa Mwarabu aliyejenga kwanza, udongo wa kichuguu. Huu wa babu, alipooa mke wa pili. Mlango huu ulizibwa wakati wa Mjerumani. Na chumba hiki cha nyuma ni cha mjomba wangu, alikijenga mwaka aliooa, mimi nikimkanyagia udongo.

Kila nilipotaja mmoja wenu alitia alama ya chokaa ukutani. Nikadhani anaandika ili majina yenu yakae. Kichwa kikanivimba, Mjomba. Chako alikuwa amekipita bila alama, nikamrudisha mwenyewe.

Zilikuwa alama za kubomoa. Anataka nyumba iwe kama siku msafiri wake alipolala humo, na vyote vilivyoongezwa baadaye viondoke. Mgeni wa miezi michache ndiye historia. Ninyi mliozaa na kuzika humo ni takataka za kuzoa.

Na wewe, kwa nini ulinifundisha kugonga kuta usinifundishe kunyamaza? Udongo wangu ukiwa mwepesi ulinipiga kofi la kisogo, ukasema, "Anza upya, huo ni uji." Ulimi wangu mbona hukuupiga?

Sasa anataka nipige lipu pale chumba chako kiliposhikana na nyumba, pasijulikane kuwa paliwahi kuwa na kitu. Nimekataa. Msimamizi wake akasema sitapata tena kazi ya serikali Tabora nzima. Nikamwambia sawa, nikapakia boriti zako za mninga kwenye mkokoteni mbele ya macho yake. Walikuwa wamezitenga ziwe kuni.

Mama Zena yuko kwangu Gongoni, analala na wanangu. Asubuhi hunyoosha mkono kusukuma mlango upande ambao hauna mlango, kisha hujicheka. Mimi hutoka nje.

Pumzika, Mjomba. Sijapoa, na siwezi kukudanganya kuwa nimepoa. Lakini kabla mvua hazijaanza nitamjengea chumba uani kwangu, vipimo vyako vilevile, mlango upande aliouzoea. Siku nitakapomkabidhi ufunguo nitamketisha nimwambie ni nani aliyemrudisha yule mzungu. Hajui bado. Kila akimaliza kuswali ananiombea dua kwa kumpa mahali pa kulala.

Mpwa wako,
Hamisi