Kichupa Cha Friji

Metrine, uko kwa kompyuta? Achana na hizo ripoti, soma hii.

Mama Akeyo wa Sori ameingia maabara. Akeyo, yule msichana wake, amevimba taya.

Akaona kichupa kwa friji, kimeandikwa "lymphoma", saratani ya tezi. Akasema, "Hilo neno liko kwa kadi ya mtoto wangu. Nipe."

Nikamwambia, "Mama, hii dawa inazuia kimeng'enya kimoja tu. Bado tunaijaribu kwa seli za saratani. Kwa watu, labda 2010 ikifika."

Akaniuliza, "Kwani Akeyo hana seli?"

Metrine. KWANI AKEYO HANA SELI.

Miaka minne chuo kikuu nilisomea seli hizo hizo.

Nikafunga friji, nikampeleka wadi mimi mwenyewe. Sindano za kawaida za saratani zipo, Akeyo anaanza kesho.

Akaniambia, "Asante, daktari." Sikumwambia mimi ni wa maabara tu.