Kwa Baba, Kinyozi Uliyesinzia Watoto Wakasoma

Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke, na nyumba bado haijazoea. Hakuna wa kubishana na mtangazaji wa redio. Hakuna wa kumwambia mgeni mlangoni, kabla hata hajaketi, kwamba aliyemkata nywele ana kisa naye.

Miaka thelathini na minane ulisimama nyuma ya kiti chako cha kinyozi. Mikono ilipoanza kutetemeka, na mteja mmoja akaondoka na nyusi moja, ulifunga duka bila ubishi. Ukakaa nyumbani wiki mbili. Mama hajazisahau: ulimpangia upya sufuria, ukamfundisha kufagia. Siku ya kumi na tano akakuletea kofia yako.

"Baba watoto, pale maktaba wanatafuta watu wa kujitolea kuwasaidia watoto kusoma. Nenda kajitolee, nami nipumue."

Ukaenda. Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri, chumba cha nyuma, kwenye viti vidogo vilivyokupandisha magoti hadi kidevuni. Ulipewa watoto wanne wa darasa la tatu. Mmoja alikuwa binti uliyempa jina la Kimya. Shuleni walishamwambia mama yake kwamba asiposoma kwa sauti kabla ya muhula kwisha, atarudia darasa. Akifungua kitabu midomo ilicheza, sauti haitoki.

Wiki ya tatu tukapata habari za aibu. Msimamizi wa mpango, mwalimu mstaafu asiye na mzaha, alikukuta umeegemea ukuta unakoroma.

"Mzee, hapa tunafundisha, hatulali!"

"Nisamehe, mwalimu. Wanasoma kama watu wanaomsengenya jirani. Sauti hiyo itamwacha nani macho?"

Akakupa onyo la mwisho. Nyumbani tulikusema sote, kwa zamu. Wewe ukaomba chai.

Alhamisi iliyofuata ukakoroma tena. Watoto wakashindana kukuamsha kwa kusoma, kila mmoja akipaza kuliko mwenzake. Wewe gogo! Ilipofika zamu ya Kimya, msimamizi alikuwa ameshafika mlangoni kukufukuza. Binti akamwona. Akapanda juu ya kiti, akasoma kwa sauti iliyotoka tusikojua:

"Mbuzi akala barua zote! Hakubakiza hata moja!"

"Mbuzi? Yuko wapi?" ukaruka.

Nesi wa zahanati ya jirani akaingia mbio na fagio, naye akimtafuta mbuzi. Msimamizi alimtazama yule binti aliyesimama juu ya kiti, kitabu mkononi, anahema. Akafunga mlango taratibu, akaenda zake.

Mwisho wa muhula Kimya alisoma ukurasa mzima mbele ya darasa, akapanda la nne. Sisi tukakutania kwamba ni wewe peke yako unayefundisha usingizini. Mama hakucheka. Alisubiri tumalize, akasema, "Nimelala na mwanamume huyu miaka arobaini na moja. Hajawahi kukoroma hata siku moja."

Ukajifanya unatafuta miwani. Ulikuwa umeivaa.

Siku ya kukuzika hakuna kati yetu aliyeweza kusoma wasifu wako. Kaka mkubwa alifika kwenye "alizaliwa", akakwama. Kimya akamwendea, akaichukua karatasi mkononi mwake. Akasoma yote, hadi waliosimama nyuma kabisa wakasikia. Alipomaliza akalitazama jeneza. Kisha akaurudia mstari wa mwisho, kwa sauti kubwa zaidi. Akasubiri kidogo. Mama akaenda kumshika mkono.

Kiti chako cha maktaba sasa anakikalia yeye Mama. Kukoroma hawezi, yeye hugombana na kitabu. "Huyo mbuzi hana mwenyewe? Hebu endelea, tumjue mjinga huyo!" Watoto wanasoma haraka ili wamjibu. Walikuwa wanne, sasa ni kumi na mmoja, na msimamizi analalamika kuhusu kelele huku akiongeza viti.

Unakumbukwa na mkeo. Na wanao watatu, fundi umeme, mkunga, na kitinda mimba wako ambaye bado hajaamua. Na wakwe zako, wajukuu sita, dada yako, vinyozi uliowafunza kazi, na Kimya pamoja na mama yake.

Tutakukumbuka siku zote, Baba, na kwa sauti ya kusikika.