Kaka Kajipa Usukani Wangu

Kindness, uko hewani? Nina hasira aisee.

Tuko kwenye sherehe ya kipaimara cha mwanangu. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, imeletwa, kaka Ebenezeri kapewa kisu aikate kwa kuwa ndiye mjomba. Badala ya kukata, kashika kipaza sauti: "Ujana wangu nilishindana na magari Marangu mpaka Himo. Kona zote zile sikanyagi breki."

Yeye. Hakanyagi breki.

Wewe si ulikuwa kiti cha mbele, umeng'ang'ania mkanda unamwita Yesu? Nani alishika usukani? Mimi, na joho la kwaya sijavua. Yeye alikuwa nyuma anatapika kwenye mfuko wa rambo.

Watu wanapiga makofi. Mume wangu naye anapiga. Mimi siwezi kumkatisha, mchungaji yuko mbele, mama mkwe ubavuni. Polisi walitutafuta kweli kweli, leo sifa anapewa mtapikaji.

"Sikanyagi breki." Karudia aisee.

Nikakimbilia jikoni. Mama mkwe akanifuata, akafunga mlango.

"Mwambie kaka yako aache uongo. Siku zile nilikuwa nauza ndizi pale konani. Dereva alikuwa binti mwenye joho la kwaya."

Nikamuuliza, "Mama, miaka yote hii umenyamaza?"

"Ningesema, nani kwetu angekubali kupeleka pombe ya mbege ya posa kwenu?"

Kwa hiyo ukweli tunaujua mimi, wewe, mama mkwe na mtapikaji mwenyewe, na hakuna wa kuusema. Huko nje namsikia anaanza upya, safari hii kaongeza na mvua.