Jina Langu Kwenye Nguzo

Mwanangu Radojka,

Pombe ya plamu ya mwaka huu ni nzuri. Daktari ameikataza, nami nakunywa.

Unakumbuka baba yako alivyonitania? "Dada, mahakama ya kimataifa kule Uholanzi imkamate rais wetu? Labda impate mpishi wake!" Nilicheka naye. Lakini amri yake ya kuwaua wafungwa wa vita niliichapa mimi, ofisini kwa rais, na nakala nikaificha. Alipokamatwa, shahidi aliyesema mahakamani nyuma ya pazia, akiitwa kwa namba tu, yule ambaye mtaa mzima ulimlaani, nilikuwa mimi. Kuichapa kunaniaibisha hadi leo. Kusema, najivunia.

Nikifa, bandika tangazo langu la kifo kwenye nguzo zote za mtaa, kama desturi yetu. Chini ya jina langu andika: Shahidi 41. Libandike mchana, siku ya soko.

Shangazi yako,
Desanka